Mungu Hatupi Vipande

Mwaka 1942 huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, mjane Missouri Pettway alizichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akaziunga vipande vipande, zikawa blanketi la kumkumbuka.

Anayejifunza ushonaji huo wa viraka huweza kuanza na kimoja cha katikati, kisha akakizungushia vingine. Cha kwanza kikienda upande, vyote huenda upande; hapo hufumua na kuanza upya.

Je, msiba umekuchana moyo? Wajane wa Yafa nao walilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea Dorkasi (Matendo 9:39). Hawakukemewa. Nawe usimfiche Mungu vipande vyako. Mweke Kristo katikati, mengine yote yaungwe kwake. Hata ukifumuliwa, hujatupwa.