Mbali na Dirisha la Methadoni

Heroini haikai mwilini. Zikipita saa chache mraibu huanza arosto: kamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kumkimbia. Methadoni hushika vipokezi vilevile vya ubongo, lakini hukaa muda mrefu. Dozi iliyopimwa vizuri hutuliza arosto kwa siku nzima bila kulewesha. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa hii ya maji mara moja kwa siku dirishani na kuinywa mbele ya mhudumu.

Tanzania Bara ilianza huduma hii Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke, na mikoa kama Mbeya. Daktari hupandisha dozi kidogo kidogo, mfamasia huipima, muuguzi hufuatilia VVU na kifua kikuu, ofisa ustawi wa jamii huzungumza na familia. Mwelimishaji rika, ambaye mara nyingi naye alitumia unga, huwafuata wenzake maskani.

Kwa wakazi wa wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, kikwazo ni umbali. Songea hadi Mbinga mjini ni karibu kilomita 100, na hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni nyingine 66 hivi za kuteremka kutoka milima ya Umatengoni. Lami imepunguza saa za safari, lakini nauli ipo palepale. Hata dirisha likiwa Songea, mvuvi wa usipa wa Liuli, au mkulima wa kahawa wakati wa kuchuma, hawezi kwenda mjini kila asubuhi. Akikosa siku kadhaa, mwili hupoteza uzoefu wa dawa. Akirudia dozi yake ya zamani ghafla, pumzi inaweza kukatika.

Vermont, jimbo la Marekani lenye vijiji vingi, lilikabili tatizo kama hilo kwa kugawa kazi kuanzia 2013. Vituo vikubwa vichache huwapokea wenye hali ngumu. Waliotulia huhudumiwa na daktari wa karibu kwa buprenofini, dawa ya chini ya ulimi inayoweza kupelekwa nyumbani. Kila wagonjwa 100 huongezewa muuguzi mmoja na mshauri mmoja.

Ruvuma ngazi za namna hiyo zipo: hospitali ya mkoa Songea, hospitali za misheni za Litembo na Liuli, vituo vya afya, zahanati. Kifua kikuu kilishawazoesha wahudumu na ndugu kumshuhudia mgonjwa akimeza dawa. Methadoni inadai zaidi: kabati lenye kufuli, daftari la kila mililita, na mtu aliyefunzwa kutambua aliyekuja amelewa, ili asimwongezee dozi. Mtu huyo akikosekana ufukweni, kufungua dirisha jingine ni hatari.