Bakuli la Kisoda

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa mkekani. Leo nina habari za Kisoda.

Kisoda ni nani? Ni mbwa wa aina ya Chihuahua, mbwa wadogo wenye asili ya Mexico. Wakikua, kwa kawaida hawazidi kilo 3. Alipoletwa uani kwetu alikuwa na wiki 8. Nilimlaza kiganjani, akaenea.

Mpwa wangu akamtazama, akamtazama na Simba, lile jibwa la getini. "Mjomba, mbona huyu mdogo anakula mara nne kwa siku, na Simba anakula mara mbili tu?"

Hongera, mwanangu! Swali hilo lilinifurahisha hata nikasahau chai yangu. Nikamwambia, chota chai kwenye sufuria, mimina kikombeni. Haya, ngoja. Kipi kitapoa kwanza?

Akangoja. Akagusa. "Kikombe!"

Naam, kikombe. Kitu kidogo hupoteza joto upesi. Simba ni sufuria, Kisoda ni kikombe. Ili asipoe, mwili wake huchoma chakula haraka haraka. Na tumbo lake je? Ni kama koroboi. Mafuta unayotia jioni hayafiki alfajiri. Basi unaongeza kidogo kidogo: asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala.

"Na tukisahau?"

Hapo siwafichi, wanangu. Sukari hupungua kwenye damu. Mtoto wa mbwa hulegea, hutetemeka, huyumba. Mpakeni asali kidogo kwenye fizi, na mtu mzima amkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Sasa tulisikilize bakuli lake. Ni bakuli la bati, lina ua jekundu ubavuni, na rangi imebanduka ukingoni.

"Mimi ni bakuli," lasema. "Mwanzo niliwekewa punje ndogo za chakula cha watoto wa mbwa, zikalowekwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka zikalainika. Meno ya Kisoda yalikuwa membamba kama sindano. Siku moja nikamiminiwa maziwa ya ng'ombe. Lo! Kisoda akaharisha kutwa. Siku nyingine nikawekewa ugali mtupu. Tumbo likajaa, lakini misuli itajengwa na nini? Nikawekewa nyama tupu. Mifupa nayo ikauliza, kalsiamu yetu iko wapi? Mimi ni bakuli. Kisoda alipotimiza miezi minne, kitu kikanigonga: ti! Nini hicho? Jino!"

Jino kweli, dogo kuliko punje ya mchele. Tulilirusha juu ya paa, kama mnavyorusha ya kwenu. Meno ya utoto ni 28. Hutoka moja moja, mengi humezwa, na ifikapo miezi 7 hivi mbwa anakuwa na meno 42. Lakini kwa mbwa wadogo jino la utoto mara nyingine hugoma kung'oka, na jipya likaota kando yake. Chakula hunasa hapo katikati. Mwonyesheni daktari.

Tangu siku ya jino lile, milo ikawa mitatu. Wengi huipunguza iwe miwili baada ya miezi 6. Mimi, kwa mbwa mdogo kama huyu, niliona afadhali tubaki na mitatu mpaka atimize mwaka.

"Kwani anakua mpaka lini, mjomba?"

Njia yake ni fupi. Miezi 10 hadi 12, amefika. Mbwa wakubwa sana huweza kukua hata miaka miwili. Na aliyekwisha fika hahitaji tena chakula cha kukuzia; kikizidi, hugeuka mafuta. Ila msimbadilishie ghafla. Robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa siku 7 hadi 10. Tumbo nalo lina mazoea yake.

Na mchuzi wa kwenye chungu? Hapana. Una vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa. Chokoleti? Hapana. Zabibu? Hapana. Mfupa wa kuku uliopikwa? Hapana, hupasuka ukawa miiba tumboni.

Mpwa wangu alikuwa bado na swali moja. Nampenda mtoto asiyechoka kuuliza. "Tutajuaje kama tunamlisha sawasawa?"

Nyoosha mkono wako, kiganja chini. Pitisha vidole vya mkono wa pili juu yake. Unahisi mifupa chini ya ngozi? Mbavu za Kisoda zihisike vivyo hivyo. Sasa kunja ngumi, upapase vifundo. Zikiwa hivyo, amekonda. Geuza mkono, upapase kiganja. Zikifichika hivyo, amenenepa mno.

Siku hizi kila Jumapili mpwa wangu humpakata Kisoda, akafumba macho. Anapapasa ubavu wa mbwa, kisha mgongo wa mkono wake mwenyewe, kisha ubavu tena.

"Sawasawa, mjomba!"