Mashine Pole na Mashine Kali: Kipara Kinataka Ipi?

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe apewe. Mimi nilipewa wembe nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, tena niliulilia mwenyewe, baada ya nywele za utosini kunihama moja moja hata wanafunzi wa viti vya nyuma wakaanza kuzihesabu zilizosalia. Nikakata shauri kuzinyoa zote. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Kumbe nilikuwa naingia katika elimu yenye istilahi zake na mabishano yake, na maadamu najua kwamba walimu wenzangu wengi na wanafunzi si haba hujinyoa vichwa wenyewe, nyumbani na bwenini, nimeona si vibaya niyaeleze niliyojifunza, mengine kwa damu yangu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama. Mtu akiniambia kwamba mashine yake ya kunyolea ni kali, mimi humuuliza: ni mashine iliyo kali, au ni wembe ulio mkali? Hayo ni mambo mawili. Makali ni ya wembe. Ukali ni wa mashine. Wembe uleule mmoja, uliotoka katika pakiti moja, ukiutia katika mashine hii utapita kichwani kama kitambaa laini, na ukiutia katika ile utakuondolea ngozi pamoja na nywele. Kilichobadilika si chuma bali ni jinsi chuma hicho kilivyoshikwa.

Mashine ninayoizungumzia ina mpini, ina kofia inayoubana wembe kwa juu, na ina ukingo ulio chini ya wembe, ambao hutangulia kuigusa ngozi. Sasa chukua mstari wa kufikirika kutoka kwenye kofia hadi kwenye ukingo. Makali ya wembe yakijificha nyuma ya mstari huo, au yakilingana nao, mashine hiyo ni pole. Yakichomoza nje ya mstari, mashine ni kali, na kadiri yanavyochomoza ndivyo ukali unavyozidi. Mwanya ulio kati ya makali na ukingo nao una neno lake: ukiwa mpana, povu na nywele hupita kwa urahisi, lakini ngozi nayo hupata nafasi ya kujitokeza na kukutana na wembe. Anayeshuku kwamba umbo lina nguvu hivyo akumbuke zile mashine za Gillette za mwishoni mwa miaka ya 1950, zilizokuwa na gurudumu la kuzungusha kuanzia nambari 1 hadi 9. Wembe ulibaki mmoja. Aliyezungusha gurudumu alikuwa akibadili tu namna ulivyokaa, na kwa hivyo ukali wa mashine.

Wembe tuuzoeao katika maduka yetu una makali pande mbili, ni mwembamba mno, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na vinyozi wetu huuvunja katikati ili watumie upande mmoja. Lakini kuna nyembe zilizotengenezwa tangu mwanzo ziwe na makali upande mmoja tu. Hizi ndizo za kale zaidi. Ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1880, zaidi ya miaka ishirini kabla King C. Gillette hajaanza kuuza zake mwaka 1903. Wembe wa upande mmoja una unene wa karibu robo ya milimita, na unene huo si jambo dogo. Wembe mwembamba hutetemeka unapokutana na nywele ngumu; mnene hautikisiki. Ndiyo sababu mashine kali yenye wembe mnene yaweza kuhisika tulivu kuliko mashine pole yenye wembe unaoyumba. Kampuni ya Feather ya Japani, ambayo nyembe zake za upande mmoja hutumiwa sana na vinyozi, hata imetengeneza aina yenye vizuizi vidogo juu ya makali yenyewe, kwa hivyo upole waweza kutoka katika wembe pia. Hapo kanuni yangu ya makali na ukali inachechemea kidogo, nami nakiri.

Nilianza na mashine pole ya upande mmoja, kwa ushauri wa muuzaji. Nilikuwa sijanyoa kwa siku nne. Nilipaka povu, nikaanza kwenye paji la uso, na kabla sijafika utosini mwanya ulikuwa umejaa nywele, mashine ikiteleza tu bila kukata. Nikafanya alifanyalo kila asiyejua: nikakandamiza. Nikarudia mahali pamoja mara tatu, mara nne. Nilipomaliza sikuwa na jeraha hata moja, nikajipongeza. Asubuhi ya pili kisogo kiliwaka moto, na siku ya tatu kilikuwa na vipele mfano wa mtama.

Basi nikaenda upande wa pili. Nilinunua mashine kali, nikaitia wembe wa aina ileile. Naam, hii ilikuwa ajabu. Nywele za siku nne ziliondoka kwa kupita mara moja, bila kukandamiza, na mwanya haukuziba. Nikaona nimepata. Nilipofika nyuma ya sikio, pale mfupa unapojitokeza na mkono hauoni uendako, nilikigeuza kiwiko kidogo tu. Nilifika kazini nikiwa na pamba sikioni, na kwa wiki nzima darasa la asubuhi likaniita jina ambalo sitaliandika hapa.

Vijana hudhani kwamba mashine pole ni ya waoga na mashine kali ni ya mabingwa. Sikubaliani nao. Kichwa si shavu. Shavu unaliona kiooni, unaweza kulivuta likanyooka. Kichwa kina mabonde nyuma ya masikio, kina kilima kisogoni, na nusu yake hunyolewa kwa kupapasa. Kwa anayenyoa kila siku, au siku moja baada ya nyingine, nywele ni fupi na mashine pole haizibi. Sioni sababu ya mtu huyo kujitia hatarini. Kwa anayenyoa mara moja kwa wiki mambo hugeuka. Mashine pole itamlazimisha kukandamiza na kurudiarudia, na hako kamchezo ndiko kanakoichuna ngozi, ilhali mashine kali, akiishika kwa vidole vyepesi na kuiacha ijiendee kwa uzito wake, itamaliza kwa mapito machache. Au, lililo rahisi zaidi, atangulize mashine ya umeme kuzipunguza nywele, kisha alete ile pole. Mimi hufanya hivyo baada ya likizo.

Mpaka hapa ni habari ya ustadi. Linalonitia wasiwasi ni jingine, nalo linawahusu wanafunzi wetu kuliko linavyonihusu mimi mwenye kipara cha uzee. Nywele za kipilipili hukua kwa kujipinda. Ukizikata karibu mno, hasa kwa kunyoa kinyume cha zinakoelekea huku umeivuta ngozi, ncha iliyochongoka hurudi chini ya ngozi, kisha inapokua huchoma ukuta wa kishimo chake au hujipinda na kuingia tena katika ngozi ya jirani. Mwili huichukulia kama mwiba. Hapo ndipo vipele huzaliwa. Jeshi la Marekani limelijua tatizo hili kwa miongo mingi, maana askari wake weusi ndio walioathirika zaidi, na wengi walipewa idhini na madaktari ya kutonyoa ndevu. Kisogoni kuna maradhi mengine ya jamii hiyo, yanayowapata zaidi wanaume wenye asili ya Kiafrika baada ya kubalehe: vipele huanza vidogo, huwasha, kisha hugeuka makovu magumu yaliyoinuka, na nywele hazioti tena juu yake. Kunyoa karibu mno huyachochea. Kwa mtu wa namna hii swali la mashine pole au kali limekwisha kupitwa. Anapaswa kuuweka wembe kando kabisa, aonwe na daktari wa ngozi kabla makovu hayajakomaa, na apunguze nywele kwa mashine ya umeme isiyogusa ngozi.

Fauka ya hayo, kuna wembe mmoja unaozunguka bweni zima. Wanafunzi wa miaka ya 1990 waliimbiwa hatari ya ukimwi kila juma, na mwaka 1999 ukimwi ukatangazwa nchini kuwa janga la kitaifa, hata kuazimana wembe kukawa aibu. Aibu hiyo naona imepungua. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na damu inayovibeba haihitaji kuonekana kwa jicho. Mashine nayo, hata ukibadilisha wembe, hubaki na kilichokauka chini ya kofia.

Sheria za shule nyingi hudai nywele fupi, nami naziunga mkono. Sijaona sheria inayodai ngozi ing'ae. Hata hivyo, mwezi uliopita kijana wa kidato cha tatu aliniletea barua ya adhabu kwa kosa la kutonyoa kisogo. Nilimgeuza nikatazama. Vipele vilikuwa zaidi ya kumi, viwili vimeshaanza kuwa vigumu, na aliniambia kwamba kila anaponyolewa na mwenzake kwa wembe hulala kifudifudi siku mbili. Nilimwendea mwalimu wa zamu, nikaomba kijana aruhusiwe kuacha nywele zenye kimo cha unene wa kijiti cha kiberiti mpaka aonwe hospitalini. Niliahidiwa kwamba jambo hilo litapelekwa kwenye kikao cha nidhamu. Kikao kimefanyika mara mbili tangu siku hiyo, na kijana bado ananyolewa kila Jumapili jioni.