Santuri ya Laki Tatu na Uongo Wangu

Wanawake wengine huficha meseji za simu. Mimi nilificha santuri ya Michael Jackson kwenye buti la gari, chini ya zulia, pembeni ya tairi la akiba. Ilikaa humo siku tatu, gari likishinda juani pale Posta, na jua la Februari la Dar unalijua mwenyewe.

Santuri yenyewe ilikuwa Thriller iliyochapwa Japani miaka ya themanini, ikiwa bado na ule ukanda wa karatasi wenye maandishi ya kwao uliozungushwa kwenye kava. Pamoja na usafiri ilinigharimu shilingi 360,000. Baba Neema nilikuwa nimemwambia elfu sitini. Sikudanganya namba yote, msomaji wangu, nilipunguza laki tatu tu! Sasa mzigo ulipofika, bei halisi ilikuwa imebandikwa kwenye nailoni ya kava, na kila nilipojaribu kuibandua karatasi ilitaka kutoka nayo. Ndiyo maana buti.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikupe historia.

Marehemu baba yangu alinunua Thriller yake mwaka 1984, kwa baharia mmoja pale Kurasini. Enzi hizo haikuwa suala la kuingia dukani na kuchagua. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hata nyimbo za bendi zetu zilizorekodiwa Redio Tanzania zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya wenyewe ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Ukitaka LP ya nje ulimtegemea mtu wa meli, au mwanafunzi aliyerudi kutoka masomoni. Ya baba ilichapwa Uholanzi, lebo inasema hivyo. Mwaka 1985 alimuoa mama, na usiku wa harusi walicheza wimbo wa mwisho wa upande wa pili, "The Lady in My Life". Nyumbani kwetu huo ndio ulikuwa wimbo wa taifa wa Jumapili jioni.

Mpaka nilipouharibu. Nilikuwa na miaka mitano, nikaendesha kigari cha plastiki juu ya santuri. Tangu siku ile wimbo ukifika katikati, sindano inaruka. Baba hakunichapa. Alichukua sarafu akaibandika juu ya mkono wa pleya ili uwe mzito usiruke, dawa ya mafundi wa zamani, ambayo kwa kweli ilikuwa inaikwangua santuri taratibu mwaka baada ya mwaka. Na ilikuwa inaruka vilevile.

Baba alifariki mwaka 2017 na santuri zake 41 zikaja kwangu. Niliponunua pleya nzuri mwaka 2021, kitu cha kwanza kuweka kilikuwa Thriller. Jamani! Kila herufi ya "s" ilitoka kama vitumbua vinavyotumbukizwa kwenye mafuta. Nikasema, lazima niisikie kama baba alivyoisikia usiku ule. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Wengi wetu tunadhani Thriller ni Thriller tu, kama vile soda ya chupa moja na nyingine. Sivyo. Sauti inatoka studio ikiwa kwenye tepu, halafu kuna mtu anakaa na mashine yenye kisu kidogo anachonga mfereji kwenye sahani laini. Kutokana na sahani hiyo unatengenezwa mhuri wa chuma, na mhuri ndio unaobana plastiki ya moto ikawa santuri. Mhuri ukichoka sauti inachoka nayo, na unatengenezwa mwingine. Nchi nyingine mara nyingi zilitumiwa nakala ya tepu, si tepu yenyewe, na fundi wa huko akachonga kwa masikio yake. Kwa hiyo albamu moja yenye kava lile lile inaweza kuwa na sauti kumi tofauti, na zote ni halali.

Thriller yenyewe nusura iharibikie hapo hapo kwenye kuchonga. Quincy Jones na injinia wake Bruce Swedien wamesimulia kwamba walipomaliza kazi mwaka 1982 na kusikiliza sahani ya majaribio, ilikuwa aibu tupu. Walikuwa wamejaza dakika nyingi mno kila upande. Muziki ukiwa mrefu mifereji inabidi ibanane, na ikibanana besi inapunguzwa na sauti inanywea. Ikabidi wakate nyimbo, kisha wachanganye upya, wimbo mmoja baada ya mwingine. "The Lady in My Life" ulipoteza ubeti mzima. Albamu iliyotoka tarehe 30 Novemba mwaka huo ina dakika 42 hivi kwa pande zote mbili, na aliyeichonga ni Bernie Grundman. Mimi nikisoma habari ile nilichekea ndani: wimbo wa wazazi wangu ulishakatwa hata kabla sijazaliwa na kigari changu.

Tena wimbo huo una mkosi wa mahali ulipo. Santuri inazunguka mara 33 na kitu kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mkubwa na wa ndani ni mdogo. Pembeni, sindano inapita sentimita kama 50 za mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo zinabaki 20 na kidogo. Muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana nyimbo za mwisho huchakaa mapema, na ndiyo maana ukienda kununua santuri ya zamani, usiombe muuzaji akupigie wimbo wa kwanza. Omba wa mwisho.

Jambo la pili, soma ule ukanda mtupu unaozunguka lebo. Kuna namba na herufi zimekwaruzwa pale, hata kwa mkono. Chukua Brothers in Arms ya Dire Straits, ya mwaka 1985. Ni bendi ya Uingereza, ungedhani chapa ya Uingereza ndiyo bora. Lakini wapenzi wengi wa santuri wanaikimbilia ya Marekani, yenye neno MASTERDISK na herufi RL, yaani Robert Ludwig, fundi aliyeichonga. Ninayo, na nadhani wanasema kweli. (Ila ujue nyimbo zake kadhaa zilifupishwa ili zienee kwenye LP, CD ndiyo iliyobeba dakika 55 zote.) Kwa Sade ni tofauti. Diamond Life ilirekodiwa London na kutoka mwaka 1984, nami nikiona ya Uingereza iliyotunzwa vizuri siachi. Hakuna kanuni moja. Na ule uzito wa gramu 180 wanaoutangaza kwenye chapa mpya haunishtui hata kidogo. Uzito wa plastiki si sauti.

Turudi kwenye buti.

Siku ya nne nilipata nafasi, Baba Neema amempeleka mtoto kunyoa. Nikaitoa santuri, nikaiweka kwenye pleya. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama papadi. Gari lililofungwa juani linapika, na plastiki ya santuri haihitaji moto wa jiko kulegea. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kava ndipo mwenye nyumba akaingia. Umeme ulikuwa umekatika saluni.

Akakichukua kava. Akaiona karatasi.

"Mama Neema. Laki tatu na sitini?"

Wakati ule tulikuwa tunalipia kiwanja Kigamboni, laki tatu kila mwezi. Ile ile laki tatu. Mwezi ule nilikuwa nimemwambia mshahara umechelewa. Sikuwa na la kusema, na yeye hakuniuliza tena.

Mume wangu akinuna hapigi kelele, anaosha vyombo. Aliosha vyombo siku mbili, hata masufuria ambayo hayakuwa machafu. Usiku wa tatu akazungumza, mgongo umenigeukia, mikono kwenye povu. "Ungeniambia ningekataa. Tungegombana dakika kumi, tungelala. Sasa hivi ukiniambia bei ya nyanya naanza kupiga hesabu."

Msomaji, nimeshawahi kuandika kwenye kurasa hizi hizi makala za mapenzi na pesa, nimetoa ushauri kwa watu wengi tu. Ile sentensi ya nyanya ilinipata.

Julai ya mwaka huo huo, 2022, ikazuka habari iliyonifanya nione haya peke yangu ofisini. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani inajulikana kwa kuchapa upya albamu za zamani kwa bei ya juu, na wateja waliamini kazi yote inatoka kwenye tepu moja kwa moja. Ikabainika, na mafundi wake wakakubali, kwamba kwa miaka kadhaa santuri zao nyingi zilipitia kwenye faili la kidijitali kwanza. Watu waliwaka! Mambo yakafika mahakamani. Kituko ni kwamba wengi wa waliokasirika walikuwa wamezisifia santuri hizo hizo, wanasema hazina mfano. Masikio hayakulalamika. Nilimsimulia Baba Neema wakati wa kula. Yeye ni mhasibu, hana habari na mambo ya mifereji. Alitafuna, akameza, akasema, "Kumbe mko wengi." Nikajua tunaelekea kupona.

Tukakubaliana. Burudani yangu ni elfu hamsini kwa mwezi, na risiti inabandikwa kwenye friji. Yeye naye risiti zake za mpira zinakaa hapo hapo, hilo nililidai mimi.

Mwaka 2023 nilikwenda Nairobi kwa mafunzo ya kazi, na mchana mmoja nikatorokea Kenyatta Market, ambako kuna wauzaji wa santuri za zamani. Unapita harufu ya nyama choma na akina dada wanaosuka, unakuta masanduku. Nikaipata Thriller ya Marekani, namba QE 38112 kwenye kava, na kava lenyewe limechanika kona huku mtu ameandika jina lake kwa kalamu ya wino. Shilingi 1,500 za Kenya. Nikamulika kwa tochi ya simu: plastiki inang'aa. Nikaangalia tundu la katikati, maana santuri iliyopigwa sana huwa na michirizi mingi pale, kila mtu aliyeiweka kwa kupapasa ameacha alama. Hii ilikuwa na michache. Mwenye kibanda akanipigia wimbo wa mwisho, nami nikampigia picha risiti na kuituma Dar kabla sijaondoka. Jibu likaja: "Mkwanja wako. Leta na majani ya chai."

Nyumbani niliisafisha kwa maji ya betri, yale safi ya kituo cha mafuta yasiyo na asidi, na tone kiduchu la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, nikifuata mzunguko bila kugusa lebo. Halafu nikamkalisha Baba Neema kwenye kochi, macho yamefungwa kwa kanga. Nikampigia Billie Jean mara tatu bila kusema lolote: ya baba, chapa mpya niliyopewa zawadi, na hii ya Nairobi.

"Rudia ya tatu," akasema. Nikarudia. "Hiyo. Kwenye hizo nyingine wanapiga ngoma. Hapa mtu amekaa anapiga ngoma."

Nilisoma chuo miaka mitatu kujifunza kuelezea mambo, na sijawahi kuieleza chapa nzuri vizuri hivyo.

Krismasi mama alikuja kutoka Tanga. Jioni, vyombo vimeoshwa (kwa furaha safari hii), nikaiweka upande wa pili bila kumwambia. Mama alikuwa anamsuka Neema sebuleni. Ulipoanza wimbo wa mwisho mikono yake ikapunguza kasi. Alikuwa anautikisia kichwa, na ilipokaribia pale katikati, nikamuona amekiinua kidogo, anasubiri sindano iruke, kama sisi sote tulivyozoea kwa miaka thelathini.

Haikuruka.

Mama akageuka, kitana mkononi. "Kumbe hapo anaendelea kuimba?"

"Anaendelea, mama."

Akasikiliza mpaka mwisho. Sindano ilipofika kwenye ukanda mtupu akamwinua Neema kutoka miguuni pake, nusu kichwa kimesukwa, akasema, "Haya, sasa niwekee ya baba yako."