Fahamu: Bando lako linaishia wapi?

Msimbati, pwani ya Mtwara karibu na mlango wa Mto Ruvuma, ina gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme. Lakini kwa mvuvi au mwanafunzi wa huko, intaneti ni bando la simu, na bando ni pesa. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilizua kilio nchi nzima hadi zikasitishwa.

Data inaliwa na nini? Maandishi hayana shida. Mlaji mkubwa ni video: saa moja ya picha kali inaweza kumaliza zaidi ya GB 1, na nyingi huanza kucheza zenyewe wakati wewe unaperuzi tu. Zima hilo kwanza, kisha shusha ubora hadi 360p au chini yake. Kwenye WhatsApp, zuia picha na video za magrupu zisijipakue zenyewe. Washa kiokoa data cha simu, kinachozuia programu kula bando kichinichini. Kivinjari cha Opera Mini nacho hubana kurasa kwenye seva zake kabla hazijakufikia.

Na kwa kuwa Msumbiji iko ng'ambo ya mto, zima matumizi ya data nje ya nchi. Simu ikidaka mnara wa huko, gharama ni nyingine kabisa.