Vivugo vya Majirani

Ushairi wa jamii yoyote ya asili hauwezi kutenganishwa na imani za wenyewe bila kupoteza maana yake, kwa sababu majina ya mizimu, ya mababu, ya mifugo na ya milima yanayotajwa ndani yake hayakuwekwa kuwa mapambo, bali ndiyo mambo yenyewe ambayo utungo unayasema. Hoja hii ina uzito wa pekee katika mji mdogo wa Kaberebere, ulio kando ya barabara itokayo Mbarara kuelekea Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa kuwa wilaya hiyohiyo ya Isingiro ndiyo yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi jirani na wenyeji Wanyankore. Kiswahili cha sokoni kinatosha kukubaliana bei ya maharage, lakini hakitoshi kumjulisha mtu kile ambacho jirani yake anakiheshimu, anakiogopa au anajivunia. Mambo hayo, kwa sehemu kubwa, yamehifadhiwa katika tungo.

Wahima, yaani wafugaji wa ufalme wa zamani wa Nkore, wana aina ya utungo uitwao ekyevugo, kwa wingi ebyevugo, ambao mtu huughani kwa kasi, karibu bila kupumua, akijitaja kwa majina ya sifa na kueleza alivyopigana, alivyoteka ng'ombe au alivyosimama imara wenzake walipokimbia. Tungo hizo zilikusanywa na kufafanuliwa na mtafiti Mwingereza Henry Morris katika kitabu kilichochapishwa Oxford mwaka 1964. Mkimbizi kutoka Rwanda akisikia jina hilo hahitaji mkalimani, kwa maana kwao utungo wa namna hiyohiyo huitwa icyivugo, kwa wingi ibyivugo, kutokana na kitenzi kuvuga, ambacho katika Kinyarwanda maana yake ni kusema, na kwivuga, yaani kujisema au kujitaja. Hata wataalamu wa fasihi simulizi ya Kiswahili hulitumia neno kivugo kwa utungo wa kujigamba. Hivyo kile ambacho mgeni angekiona kuwa ni desturi mbili za watu wawili wasiojuana, ukoo wa maneno unaonyesha kuwa ni matawi ya mti mmoja.

Hata hivyo undugu huo haupaswi kumfanya msomaji asahau kwamba kivugo ni utungo wa vita, na vita huwa na pande mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895, aliivamia Nkore, na shujaa anayesifiwa katika utungo wa upande mmoja ndiye aliyeacha zizi tupu upande wa pili. Tena ebyevugo ni sauti ya Wahima na ya mazingira ya utawala wao. Haiwasemei Wairu, wakulima wa nchi hiyohiyo, ambao walikuwa na nyimbo zao na ambao hawakuyaona mambo yote kama watawala walivyoyaona. Kuheshimu utamaduni, kwa hiyo, si kukubali kila unachosema, na wala si kuuchukua utungo wa tabaka moja na kuuita moyo wa taifa zima, kosa ambalo waandishi wa vitabu vya watalii hulifanya bila kusita.

Mahali ambapo ushairi wa eneo hili unamdai msomaji subira zaidi ni katika tungo za ng'ombe. Wahima huwa na ebirahiro, maghani ya kuwasifu ng'ombe, nao Wanyarwanda wana amazina y'inka, yaani majina ya ng'ombe, ambayo katika zama za ufalme yalitungwa hasa kwa ajili ya inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu waliotunzwa kwa niaba ya mfalme. Msomaji aliyezoea kuwahesabu ng'ombe kwa kilo za nyama au lita za maziwa anaweza kushangaa kuona pembe za mnyama mmoja zikisifiwa kwa mistari mingi, lakini mshangao huo unapungua akifahamu kwamba katika jamii hizo ng'ombe ndiye aliyefungisha ndoa, aliyepatanisha maadui na aliyemfanya mtu awe na jina. Msamiati wenyewe ni ushahidi: bihogo ni ng'ombe wa rangi nyekundu iliyokoza na gaju ni yule mwenye wekundu uliopauka, na maneno hayo mawili yanafahamika pande zote za mpaka, ilhali Kiswahili hulazimika kusema "ng'ombe mwekundu" kwa wote wawili. Mfasiri anayeandika "mwekundu" hajakosea, lakini amemwondoa ng'ombe mmoja zizini.

Hatari ni kubwa zaidi pale neno linapohusu imani. Wanyankore humwita Muumba Ruhanga, kutokana na kitenzi cha kuumba, nao Wanyarwanda na Warundi humwita Imana. Chini yake wako emandwa, ambao Rwanda huitwa imandwa, yaani mizimu yenye nguvu iliyoombwa katika ibada ya kubandwa, na ambayo huko Nkore huhusishwa na Wachwezi, watawala wa kale ambao mapokeo yanasema walitoweka. Mtu anayetafsiri emandwa kuwa "mashetani" amekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa. Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi aliyetunga Wer pa Lawino, alieleza jinsi mapadri wa Kiitalia mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na dhana hiyo, swali likawa "nani aliyewafinyanga?", na wazee wakajibu kwamba mtu huzaliwa na mama yake. Walipobanwa zaidi, mmoja akakumbuka kwamba mtu huharibika umbo anapofinyangwa na Rubanga, nguvu iliyosadikiwa kuwapinda watu mgongo kwa ugonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, naye Rubanga akaingia katika katekisimu kuwa jina la Mungu.

Kutoka upande wa Kongo, Wanyanga wa Walikale, katika Kivu Kaskazini, wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na manju Candi Rureke kwa muda wa siku 12 mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Kwa Wanyanga neno karisi ni jina la utendi na pia la mzimu unaomtaka mtu ajifunze kuusimulia, kwa hiyo anayeusoma kama hadithi ya kuburudisha watoto anaisoma nusu yake tu. Ndani yake Nkuba, mwenye radi, humpandisha shujaa mbinguni na kumfunza unyenyekevu. Naye Mnyankore husema enkuba, na Mnyarwanda inkuba, ngurumo inapolia juu ya vilima vya Isingiro.

Wasomali wako mbali na ukoo huu wa maneno, kwani lugha yao si ya Kibantu na ushairi wao una kanuni nyingine kabisa. Gabay, utungo wao mzito wa hadhara, hutaka sauti ileile ya mwanzo wa neno irudiwe katika kila nusu ya mstari tangu mwanzo hadi mwisho, sharti ambalo hakuna tafsiri inayoweza kulibeba. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, waliochapisha utangulizi wa ushairi huo mwaka 1964, katika mfululizo uleule wa Oxford uliotoa kitabu cha Morris, walieleza kwamba tungo hizo zilihifadhiwa vichwani na kuenezwa na waghani waliobanwa na sharti moja: kumtaja mtunzi kila mara. Kisomali hakikupata maandishi rasmi hadi mwaka 1972, na kwa miaka yote hiyo haki ya mtunzi ililindwa kwa adabu ya wasikilizaji. Rwanda nako tungo za kifalme ziitwazo ibisigo, ambazo Padri Alexis Kagame alizikusanya na kuzichapisha, zilipokezanwa pamoja na majina ya watunzi wake, na mapokeo humtaja mwanamke, Nyirarumaga, kuwa mwanzilishi wake. Kwa kipimo hicho, mkusanyo unaoandika tu "shairi la Kisomali" juu ya utungo ambao mtunzi wake anafahamika ungehesabiwa kuwa ni wizi, hata kama tafsiri yake ni nzuri.