Kompyuta yafunzwa kutambua dalili za kansa ya mlango wa uzazi

KANSA ya mlango wa uzazi huchukua miaka mingi kukomaa, na ikigunduliwa mapema hutibika. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa zaidi ya wanawake 3,000 hufariki kutokana nayo kila mwaka nchini Kenya.

Tatizo moja ni uhaba wa wataalamu. Sampuli inapochukuliwa kutoka kwa mwanamke, sharti mtu aliyehitimu aichunguze kwa hadubini. Kipande kimoja cha kioo huwa na maelfu ya seli, na huenda zenye kasoro zikawa chache mno. Katika hospitali za mashambani, mtaalamu wa aina hiyo ni nadra kupatikana.

Ndiposa watafiti kutoka Ufini na Uswidi, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, walifanya majaribio katika hospitali ya Kinondo Kwetu, Kwale, kati ya mwaka 2018 na 2019. Wanawake 740 wanaoishi na virusi vya HIV walishiriki. Kundi hili lina hatari mara sita zaidi ya kupata kansa hiyo.

Vioo vyenye sampuli vilipigwa picha kwa mtambo mdogo, kisha picha zikatumwa kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta ya mbali.

Kompyuta hiyo haikupewa kanuni za kutambua ugonjwa. Badala yake, ilionyeshwa picha za sampuli 350 ambazo wataalamu walikuwa wametia alama kwenye seli zilizobadilika. Ilikisia, ikakosea, ikajirekebisha, hadi ikaweza kutofautisha seli nzima na zile ambazo kiini chake kimevimba au kugeuka umbo. Mbinu hii huitwa ujifunzaji wa mashine, nayo ni tawi la akili bandia.

Baadaye ilijaribiwa kwa sampuli nyingine 361 ambazo haikuwa imeziona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa, miongoni mwa sampuli ambazo wataalamu walizitambua kuwa na mabadiliko makubwa, hakuna hata moja iliyopitishwa na kompyuta kuwa salama.

Lakini si kila kitu kilikuwa shwari. Sampuli kadhaa zisizo na kasoro zilitiliwa shaka bila sababu. Isitoshe, kompyuta iliyofunzwa kwa picha za hospitali moja yaweza kukosea inapopewa za kwingine, ambako rangi au vifaa ni tofauti.

Kwa hivyo, kazi ya mtambo ni kuchuja wala si kutoa hukumu. Humwondolea mtaalamu vioo visivyo na shida ili apate muda wa kuchunguza vyenye shaka.

Muhimu zaidi, picha haiponyi. Mwanamke anayepatikana na dalili lazima apate matibabu, na aliye mzima anahimizwa kupimwa mara kwa mara. Wasichana nao wana kinga, kwani chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha takriban visa vyote vya kansa hiyo, ilianza kutolewa nchini mwaka 2019.